Kinga ya Maître Peguy

Uligeuza uso, usinibishie. Ulimwona Mama Marie-Louise pale saluni, mtaani Glenwood, akisuka vichwa vya watu huku saratani ikimtafuna mifupa, ukajifanya unatazama barabarani. Peguy hakugeuza uso. Alimkazia macho, akanusa biashara.

Sheria ya nchi hii inamvumilia mgonjwa na bangi yake akiwa nyumbani. Akifika nayo mpakani ni mhalifu kama wahalifu wengine. Katika pengo hilo Peguy alifungua ofisi: suti ya kuazima, na cheo cha Maître, yaani wakili, japo mahakamani aliwahi kuingia kwa mlango wa washtakiwa tu. Akauza Kadi ya Kinga, yenye nembo ya simba. Askari akiiona, aliapa, atapiga saluti mpaka Lubumbashi.

Marie-Louise alikuwa anakwenda huko kumzika mama yake, na bila mafuta yake ya bangi asingeweza kukalia kiti cha basi. Akanunua. Waumini wenzake wa kanisani wakafuata.

Peguy alinona hata akakata tiketi ya basi hilohilo, akawaringie ndugu zake. Huko Clairwood, yanakopandiwa mabasi, msafiri hapandi basi kabla hajabebeshwa mizigo ya wenzake. Akikataa, kanisa zima linamsahau jina. Marie-Louise akamletea mfuko wa chupa.

“Maître, utatubebea mafuta yetu. Kadi si iko?”

“Maman, begi langu limejaa.”

“Basi weka mapajani.”

Mchungaji wao, aliyekuja kuwaaga, alikwishaanza kumwombea mbebaji. Jasho likamtoka Peguy, akamvuta mama pembeni.

“Eish, maman. Kule mpakani mbwa wa polisi hawasomi kadi.”

“Sema kwa sauti, wakusikie.”

Akasema. Akarudisha hela za watu, akatokomea katikati ya malori. Ndipo Marie-Louise akafungua chupa moja: mafuta ya kukaangia samaki. Dereva wa basi alikuwa amemnong'oneza mapema kwamba mwenye kadi mmoja alilazwa rumande mpakani.

Watu walicheka, nawe umecheka. Ila dawa yenyewe imebaki saluni, na mama amepanda basi na maumivu yake yote. Tapeli amekimbia, pengo lililomlisha liko wazi vilevile, na wengine wanavaa suti. Mbunge wa kwenu ana namba. Mpigie sasa hivi, umuulize mgonjwa avuke vipi na dawa yake, na usikate simu mpaka ajibu.