Kigogota wa Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Kikundi chetu cha kutazama ndege kinachagua mwenyekiti Jumamosi. Kanuni ni ile ile: mwenye aina nyingi zaidi uani kwake ndiye anayekalia kiti. Mimi ninazo ishirini na moja. Jirani yangu, Mwalimu Mstaafu, anazo ishirini na moja. Miaka minne amekikalia kiti kile kama kuku aliyeatamia mayai viza. Miaka minne ananiita kijana wake. Nina miaka hamsini na miwili! Nahitaji ndege mmoja tu.

Jumanne, 5 Machi
Mungu si Athumani. Saa moja asubuhi, kwenye ubao wa karanga niliouning'iniza mtini, katua kigogota. Mweusi na mweupe, kisogo chekundu. Huyo ni kigogota mdogo, yumo kwenye orodha siku nyingi. Sikumjali. Saa mbili kaja mwingine, yule yule kwa kila kitu, ila kisogoni hana nyekundu hata chembe. Kitabu kinasema wako wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili: kigogota mdogo na kigogota mkubwa. Nikakifunga hapo hapo. Anayejua hahitaji ukurasa wa pili. Ishirini na mbili!

Jumatano, 6 Machi
Nilimpasha Katibu wa kikundi habari. Kufika saa nne, Mwalimu huyo uani kwangu bila kualikwa, darubini shingoni. Akasema, kwa sauti ile ya darasa la pili, kwamba hao hutofautishwa kwa mdomo: wa mdogo ni nusu ya kichwa, wa mkubwa ni sawa na kichwa kizima. Akaniomba nipime. Kijicho hicho. Nyekundu iko mbele ya macho yake, yeye anauliza mdomo.

Alhamisi, 7 Machi
Haya, wapimwe. Nimebandika futi ya kushonea ya mke wangu nyuma ya karanga. Wamekuja wote wawili. Midomo sawasawa, na yote mifupi. Nimehitimisha kwamba futi ni mbovu. Tena sasa imetobolewa kuanzia sentimita kumi mpaka kumi na nne. Mke wangu ni fundi cherehani. Amesema gauni la mteja wa leo nikalipime mimi, kwa viganja. Nimemwambia elimu ina gharama zake. Chakula cha mchana sikukiona.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeandika hotuba ya kupokea uenyekiti. Kurasa sita. Ukurasa wa nne namsamehe Mwalimu. Nilipoisoma mbele ya kioo, hapo nilitokwa na machozi.

Jumamosi, 9 Machi
Aibu. Kikundi kizima uani kwangu, watu tisa. Vigogota wakaja pamoja, kama waliotumwa. Nikamwonyesha Katibu: mwenye nyekundu mdogo, asiye nayo mkubwa. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akasema, wala hakuinua macho, kwamba hao ni mume na mke, mwenye nyekundu ndiye dume, na wiki ya tatu sasa anawaona wakiingia tundu moja kwenye mti mkavu nyuma ya chumba chake cha kushonea. Katibu akafungua kitabu, ukurasa wa pili. Ndivyo kilivyosema. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mwalimu hakucheka. Alinishika bega akasema si kitu, kijana wangu, hata yeye alipoanza alikosea. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa kuwa tulibaki sare, kura zikapigwa. Nane kwa moja. Hiyo moja ni yangu.

Jumapili, 10 Machi
Kikundi kimenikatia tamaa mapema! Saa moja asubuhi wametua wale mume na mke, na kati yao ndege wa tatu. Mweusi na mweupe, mkia mfupi, anatetemesha mabawa, na nyekundu yake haiko kisogoni, iko utosini. Kitabu sikukifungua, kimenitia aibu ya kutosha. Dume akamtia karanga mdomoni, kisha jike naye akamlisha. Sijapata kuona ukarimu kama huo kwa ndege wa aina nyingine.

Mke wangu alichungulia dirishani, akataka kusema neno. Nimemwambia safari hii awaachie wanaojua. Ndege nimempa jina langu, na barua ya kudai uchaguzi urudiwe iko tayari kwa Katibu.