Jiwe la Tano

Kazungu na Mutua,

Leo nimeilamba aibu, na hapo sisemi kwa mafumbo. Nimeilamba kwa ulimi, mchana, mbele za watu. Nawaandikia mapema kabla habari haijafika Matsangoni kwa mdomo wa mtu mwingine ikiwa imetiwa chumvi.

Mnakumbuka nilivyoondoka huko. Nilisema nakwenda Malindi kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa saba niko hapa hapa Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, katika chumba ambacho mvua ikinyesha nahamisha kitanda mara tatu. Nina miaka arobaini na mitatu. Cheti changu cha sekondari kililiwa na mchwa nilipokuwa nikikwangua chumvi kule Gongoni, na katika yote niliyosomeshwa kimebaki kitu kimoja tu: mawe. Kule Kitui mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kasha la mawe, na kila Ijumaa tulikuwa tukiyapima: ugumu wake, uzito wake, mng'ao wake, na rangi ya unga wake ukilisugua jiwe juu ya kigae cheupe. Mengine yote yamenitoka, hata jina la yule msichana aliyekuwa akikaa mbele yangu. (Jina lake nalikumbuka. Hapo nimeandika uongo.)

Sasa juzi nikasikia kuna Bwana Abdalla, mtu wa Mambrui, ananunua mawe ya madini na kuyapeleka Mombasa kwa lori. Anatafuta mtu wa kuzunguka Ganze na Vitengeni akiwa na nyundo na gunia, awaambie wachimbaji hili linanunuliwa na hili litupeni. Kazi ya kulipwa kwa kutembea. Mimi, niliyetembea bure miaka ishirini. Nilipoisikia nilikaa kitandani nikahisi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Leo saa nne nikaenda Shela ya hapa Malindi, nyumbani kwa shangazi yake, Bi Zuhura, ambako Bwana Abdalla hufikia. Nimevaa shati langu jema. Nimemkuta barazani na suti yake ya kaunda, mbele yake meza fupi, na juu ya meza mawe manne, chupa tupu ya soda, msumari, na sahani nyeupe iliyovunjika. Pembeni ameketi jirani, Athmani, ana kikombe cha kahawa. Athmani hakuja kutafuta kazi. Alikuja kunywa kahawa akakosa sababu ya kuondoka.

"Karibu, starehe," Bwana Abdalla akaniambia. "Nasikia wewe ni msomi wa mawe."

"Kidogo tu, bwana."

"Hao wa kidogo tu ndio wanaojua," akasema Athmani. "Wanaojua sana wako gerezani."

Nikaanza. Jiwe la kwanza lilikuwa jeupe, nikalitia ukucha, likakwaruzika. "Hili ni jasi. Ndilo linalotengenezwa chaki, na mtu akivunjika mguu ndilo analofungiwa." La pili likakwaruza chupa ya soda likaacha mstari. "Hili ni jiwe gumu lile lijaalo kwenye mchanga. Ukiliyeyusha unapata kioo." La tatu lilikuwa jeupe pia, lakini mkononi likanivuta chini kana kwamba limemeza jiwe jingine. "Hili ni lile zito la Vitengeni. Husagwa likatiwa kwenye rangi za nyumba." La nne liling'aa kama chuma kipya, limekatika pembe pembe kama vidonge vya sukari, nalo ni zito kuliko yote. Nikalisugua kwenye sahani likaacha unga wa kijivu unaokaribia weusi.

"Risasi," nikasema.

"Sema polepole," akasema Athmani, "nyumba ya pili anakaa askari."

"Jiwe la risasi. Hata wanja wa zamani wa macho ulikuwa ukisagwa kutoka humu."

Bwana Abdalla akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaniuliza kama nina viatu vya kutembelea porini. Mnaelewa? Swali la viatu. Mtu hakuulizi viatu kama hajakwisha kukuchukua. Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa nanunua soksi.

Lakini nikaona jiwe la tano.

Lilikuwa ukingoni mwa baraza, karibu na ndoo ya maji, ukubwa wa kipande cha sabuni, jekundu, laini upande mmoja. Nikajua huo ni mtego. Wenye kazi hupenda kumwekea mtu kitu kando waone kama ana macho. (Hakuna aliyeniwekea kitu. Naandika hivi ili mjue kichwa changu kilivyokuwa kimevimba.)

"Na hili?" nikauliza, nikiwa nimekwisha kuliokota.

Bwana Abdalla akalitazama. "Lipi? Haya, na hilo tuambie."

Nikalisugua kwenye sahani. Likaacha mstari mwekundu. Moyo ukanidunda, kwa sababu unga mwekundu ndio alama ya jiwe la chuma, hilo hata usingizini nalijua. Ila mkono uliniambia kuwa jiwe hili ni jepesi, na chuma hakiwi chepesi. Mkono ulinena nikaunyamazisha. Nikakumbuka mwalimu akisema ukikwama, onja: chumvi itajitaja yenyewe, na udongo utaung'ang'ania ulimi. Nikalilamba. Likaung'ang'ania ulimi. Nikalamba tena upande ule laini, nihakikishe. Kulikuwa na ladha ya sabuni kwa mbali.

"Hili," nikasema, "ni jiwe la chuma."

Nikaanza kuhutubu. Misumari. Majembe. Reli nzima kutoka Mombasa hadi Nairobi. Bwana Abdalla akalichukua akalipima mkononi.

"Mbona jepesi?"

Hapo, ndugu zangu, palikuwa na nafasi ya neno moja. Sijui. Neno fupi, hata mtoto wa chekechea analiweza. Lakini nilikwisha kuziona njia za Ganze, nimejiona na nyundo, nikaogopa kwamba nikisema sijui zitafungwa.

"Ni chuma kichanga," nikasema. "Bado hakijakomaa."

Athmani akaweka kikombe chini taratibu.

"Na kikikomaa, yakhe, kinakuwa sufuria?"

Kabla sijajibu mlango ukafunguliwa. Bi Zuhura akatoka kajifunga leso, mguu mmoja umerowa, anatembelea kisigino. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hamkukiona kigae changu? Nilikiacha hapa ndooni, nikaitwa jikoni." Akakiona mkononi mwa Bwana Abdalla. "Kumbe unacho wewe. Nipe, mwana, magaga yananiua. Hicho kimetoka kwenye paa la nyumba ya marehemu mume wangu, na tangu hapo nyayo zangu hazijui kitu kingine."

"Mshike taratibu, Bi Zuhura," akasema Athmani. "Huyo ni chuma, bado mchanga. Na mgeni wetu kamwonja."

Bi Zuhura akageuka kunitazama. Hakucheka. Angecheka ningeshukuru.

"Umekionja? Maskini. Hujala tangu asubuhi, mwanangu?"

Akaingia ndani akatoka na mahamri matatu na chai ya maziwa. Nikala, Athmani ananihesabia matonge kwa macho. (Nilikuwa sijala kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.)

Nilipomaliza, Bwana Abdalla akaniambia kwa upole, na upole wa watu wa huku una makali yake. "Kulamba si kosa, bwana. Mimi mwenyewe nimelamba mawe mengi. Na jiwe lile hata mimi sikulijua, ndiyo nikakuuliza. Lakini mtu asiyeweza kusema sijui, nikimpeleka Vitengeni atanijazia lori vigae vya kusugulia miguu, na kila kimoja atakipa jina."

Kisha akamgeukia jirani yake.

"Athmani, lile jiwe zito la Vitengeni ndani yake mna nini?"

"Mimi sijui, ndugu yangu. Najua alivyosema huyu, husagwa likatiwa kwenye rangi. Na lile la ukucha ni jasi. La chupa ni kioo. La kung'aa ni ile ya askari."

"Viatu unavyo?"

"Vipo."

"Basi Jumamosi alfajiri, uwe tayari."

Nimemsomesha mimi mwenyewe, asubuhi moja, bure, na hata daftari hakushika. Nilipoaga alinisindikiza hadi njiani akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama kuna mawe mengine anayopaswa kuyajua. Nikamtajia matatu.

Basi barua hii ikifika, ninyi wawili chekeni mpaka mkimalize kicheko chote siku hiyo hiyo, kwa sababu Jumapili narudi huko kuja kulala kwenu, na sidhani naweza kuchekwa nikiwa nimebeba godoro.

Mwenzenu,
Kilonzo