Habari Iliyokatika Njiani

Antena alifika kwenye benchi la duka la Aling Osang simu mkononi, uso ameukaza kama mtu aliyetumwa na serikali. Jina lake hasa ni Kulas, ila hapa San Roque, Ufilipino, habari zote hutua kwake kwanza.

Hakusalimia. Akasoma: "Wizara ya Elimu yaamua: wanafunzi kufundishwa kutambua habari za uongo. Wazazi nao kupewa mtihani, wakishindwa..."

"Wakishindwa nini?" akauliza Mang Temyong; Mang kwetu ni kama Mzee, na Aling ni kama Bi. Huyu tunamwita Kapteni, kwa sababu kila uchaguzi hugombea ukapteni, yaani uenyekiti wa mtaa, na kila uchaguzi hushindwa.

"Imeishia hapo. Nukta, nukta, nukta."

Hapa kwetu karibu wote tunatumia intaneti ya bure. Ya bure inakupa kichwa cha habari tu. Picha inakuwa kisanduku cheusi, na ukitaka kusoma zaidi unaambiwa ununue bando. Sasa nani anunue bando ili asome? Miaka yote tunabishana kwa vichwa, kiwiliwili tunakiunda wenyewe.

Kapteni akasema hii iko wazi kabisa, mzazi akishindwa mtoto hamalizi shule. Antena akaongeza kwamba na simu inachukuliwa. Kapteni akapinga, simu haichukuliwi bila hati ya mahakama, yeye sheria anazijua. Mwisho wakakubaliana: mtoto hamalizi, na simu inachukuliwa kwa hati. Antena akaanza kuandika kwenye simu.

Aling Pacing, aliyekaa mwisho wa benchi, akarudisha mkate wake kwenye mfuko. Mjukuu wake Maribeth anamaliza shule wiki hii. Mama wa mtoto, Ludivina, yuko Kuwait kwenye kazi za ndani, kwa hiyo bibi ndiye atakayepanda jukwaani kumvisha mjukuu medali. Gauni limeshashonwa.

"Na mimi bibi, nahesabika mzazi?"

"Kisheria, aliyelea ndiye mzazi," akasema Kapteni.

"Basi nimekwisha. Juzi tu nimewatumia watu ile ya maji ya vitunguu yanatibu kisukari."

"Ile siyo ya uongo," akasema Antena bila kuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyekutumia."

Aling Pacing akaanza kujifuta macho. Aling Osang hakuweza kuvumilia tena. Akajiuzia bando dukani kwake mwenyewe, akafungua habari yote, akatusomea polepole. Mtihani ni wa hiari. Ni majaribio, tena katika mkoa mwingine. Wakishindwa, wataalikwa kwenye semina yenye chakula cha mchana.

Kapteni akainua kikombe chake cha kahawa, akapiga funda.

"Nani kaandika hayo?" akauliza Kapteni.

"Mwandishi wa gazeti."

"Ndiyo shida yenu, dada. Mnaamini kila mnachosoma."

"Tena kasoma mpaka mwisho," Antena akasikitika. "Huko mwisho ndiko wanakokunasia."

Aling Pacing akamtazama Osang, akawatazama wanaume. Nikaona kabisa anahesabu kura.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa Ludivina, anapiga kutoka jikoni kwa tajiri wake, Kuwait ndiyo kwanza kunakucha. Analia.

"Mama, umeshindwaje mtihani?"

Kumbe yale aliyokuwa akiandika Antena yalishafika kule. Yeye alimalizia kichwa kile kwa hukumu ya benchi letu, akatia na chumvi kidogo: hapa San Roque tayari kuna bibi mmoja hali yake mbaya. Binamu akamtumia binamu, na kundi la Wafilipino wa Kuwait likamtambua bibi. Ludivina akasema anamwomba tajiri ruhusa arudi nyumbani amwombee mtoto msamaha kwa mwalimu mkuu.

Aling Osang akapaza sauti kutoka dirisha la duka kwamba mkoa wetu hauna mtihani wowote. Hakuna aliyemsikia. Kapteni alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Mmeona? Hata Kuwait wamethibitisha."

Aling Pacing akamwambia bintiye asiache kazi, yeye mwenyewe anaenda shuleni sasa hivi kuufanya huo mtihani. Akainuka, akavaa ndala.

"Huo mtihani, ni wa penseli au wa kalamu?"

"Penseli," akasema Antena.

"Mtihani wa serikali? Kalamu," akasema Kapteni.

Aling Pacing hakungoja waelewane. Akanunua vyote viwili, akaenda.