Usingizi wa Mchana Kweupe

Ulimi alipoingia mtaa wa mafundi cherehani asubuhi ile, aliona jambo lililomfurahisha moyo: mtaa mzima ulikuwa unapiga miayo. Nyuma ya vibanda vyao kilikuwa kimefunguliwa kiwanda cha matofali kilichonguruma usiku kucha, na tangu hapo hakuna aliyepata usingizi. Fundi mmoja alikuwa ameshona mkono wa shati mahali pa kola, na bado alikuwa akiitazama kazi yake kwa kuridhika.

"Shemeji," Ulimi alimwambia kaka wa mkewe, "leo tunauza vidonge vya usingizi."

Vidonge walikuwa navyo. Wiki iliyopita vilikuwa vinazuia watu kuzimia, na kabla ya hapo vilitibu upara. Kwa asili vilikuwa chaki na sukari, na ni haki kusema havikuwahi kumdhuru mtu. Ulimi ndiye aliyesema, Shemeji ndiye aliyeonyesha mfano. Mapato yote yalikaa kwenye mkoba aliojifunga Ulimi kiunoni, chini ya shati. Alikusudia kufungulia duka la vyombo, aachane na maisha ya kukimbizwa. Shemeji alipewa nauli na chakula.

"Leo lala wewe," Shemeji akasema.

"Mimi?"

"Wiki iliyopita nilizimia mimi. Wamenifinya mpaka nimevimba. Sikio hili walitia jani! Halafu si wewe unayesema muuzaji akinywa dawa yake mwenyewe watu huamini zaidi?"

Ulimi hakuweza kukana. Katika maisha yake alikuwa amesema mambo mengi.

Basi akapanda juu ya benchi, akawaeleza mafundi habari za usingizi kwa sauti laini hata wawili wakasinzia kabla ya dawa. Akameza kidonge mbele yao, akajinyoosha, akafumba macho.

Mafundi wakamsogelea. Mmoja akamfinya shavu. Mwingine akapiga kelele, "Moto!" Ulimi hakutikisika hata kope. Kipaji alikuwa nacho.

"Huyu kaenda kabisa," alisema mama mshona mapazia. "Nipe vya mwezi mzima, baba."

Wakaanza kusukumana. Ulimi alilala akisikiliza sarafu zikidondoka, na kwa ndani alitabasamu. Kisha akahisi mikono kiunoni.

"Aliyelala asibanwe na kitu," alisema Shemeji, kwa sauti laini iliyofanana sana na ya Ulimi. "Damu itembee."

Mkoba ukafunguliwa. Vikafuata viatu.

"Miguu nayo ipumue."

Ulimi alifikiri haraka. Akifumbua macho, mtaa mzima utajua kidonge ni chaki. Na mafundi wale, kila mmoja, alikuwa na mkasi mkononi.

"Naenda kuongeza vidonge, ndugu zangu," Shemeji akaendelea. "Nawaomba asiamshwe kabla ya magharibi. Akishtuliwa anaweza kurukwa na akili."

"Nenda, baba. Tutamlinda."

Shemeji akainama kama anayesikiliza pumzi za mgonjwa, akanong'ona: "Mkeo yuko stendi, ananingoja. Amesema lala salama."

Nyayo zikaondoka bila haraka. Mama mshona mapazia akaketi kando ya benchi, akawa anampepea Ulimi kwa kipande cha kitambaa, inzi wasimtue.

"Jamani, tazameni," akasema baadaye. "Anatoka machozi."

"Anaota huyo," fundi mmoja akajibu.

"Bahati yake. Mimi hata kuota nimesahau." Akawageukia wenzake. "Na nyie punguzeni fujo! Mtu kalala."

Wakaona kweli. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kukanyaga cherehani, wakaongea kwa ishara, na mtaa ukanyamaza kimya, hata Ulimi akaisikia vizuri kabisa honi ya basi likitoka stendi.