Uzinduzi wa Sindano kwa Mbali

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Naibu wake, Mheshimiwa Kaimu wa Naibu, wahadhiri waandamizi na wa kawaida, nesi mkuu uliyeniletea chanjo yangu, wazazi mliojibana humu ukumbini licha ya tangazo langu la kukaa mbalimbali, na Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anakohoa. Ukumbi mzima unageuka.)

Kama mnavyofahamu, baada ya ugonjwa huu kuwafungia wodi wanafunzi wetu wa uuguzi, ofisi yangu haikulala. Iliunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, na kikosi kazi kikaibuka na stratejia shirikishi ya mafunzo kwa vitendo kupitia platifomu ya kidijitali, yaani Sindano kwa Mbali, ambayo seva yake imo ndani ya kasha hili lenye utepe mwekundu. (Makofi. Mama mmoja: "Lifungue basi tuone!") Tutafika huko, mama yangu.

Wakati tukisubiri, niliagiza kila mwanafunzi auchome sindano mto wa kulalia nyumbani na kututumia picha, na matokeo, ndugu zangu, ni ya kujivunia: mito elfu moja na mia mbili imechomwa, na hakuna hata mmoja uliolalamika, uliovimba wala kuzimia, sawa na mafanikio ya asilimia mia moja. (Vicheko.)

Naona mkono. Sema, binti.

(Msichana wa mwaka wa mwisho, kitabu cha vitendo kwapani: "Shikamoo, mheshimiwa. Mito ya bibi yangu yote imetoboka, siku hizi analalia mkono. Lakini humu kitabuni wasimamizi hawasaini mpaka waone nimechoma mtu. Imebaki sindano moja tu nihitimu, na vitabu vinarudishwa leo. Nifanyeje?")

Swali zuri sana, linashughulikiwa katika ngazi husika. (Nesi mkuu: "Ngazi gani tena, mheshimiwa? Chanjo yako hii hapa, na msimamizi wa binti huyu ni mimi. Kunja shati." Vigelegele.)

Dada nesi, nilikuomba uje wewe kwa sababu una miaka thelathini kazini, na mimi ni kiongozi, si mto... (Ukumbi: "Akunje! Akunje!") Haya, kwa moyo wa uzalendo, nakunja. Binti, polepole, mimi nina familia... Mama wee!... Imeisha? Mbona hata sijasikia! (Nesi mkuu anasaini. Msichana analia kwa furaha. Bibi yake anacheza kwenye viti.)

Kwa kumalizia, itikieni: Sindano kwa Mbali! ("Oyee!") Asilimia mia! ("Ya mito!") Nawashukuru nyote, namshukuru seremala kwa kasha hili, na mama yule naomba aachane na huo utepe, maana seva itaingia humo siku tutakapopata seva, na nakushukuru wewe, mwanangu, kwa kunisogelea, kwa sababu katika mradi huu mzima, kazi iliyofanyika ni hii tu inayoniuma begani.