Abiria Waliosimama

Jumamosi, 14 Juni 2025
Jirani yangu Luhende kaja tena kunikera. Wakati wa Pasaka alipanda ndege na wanawe kwenda Dar, wakalia tangu ndege inaruka hadi inatua, na mtaa wetu mzima wa Mtendeni tukasimuliwa. Sasa kajifanya bingwa wa safari za anga. Ananionea huruma! Ati Tekla wangu wa miaka mitano na Adriano anayejifunza kutembea watanitoa jasho Jumanne, tukienda likizo Bagamoyo. Nimemwambia wangu hawatapiga hata chafya. Nitamrekodia video ashuhudie.

Ahadi imeshatoka. Mbinu bado.

Baadaye: mbinu imepatikana. Kichwa hiki! Nimewakalisha watoto na kuwaambia kwamba ndege yetu itapita juu ya njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka hapa Tabora hadi pwani. Kwamba wapagazi waliofia njiani bado wanatembea huko chini na mizigo yao. Wamechoka, wanatafuta wa kuwapokea mizigo. Mtu akipiga kelele ndani ya ndege, wanamsikia na kumfuata.

Adriano kanyonya kidole. Tekla kafikiri kidogo, kisha kauliza kama ni pamoja na yule aliyefungwa kitambaa shavuni. Nimesema ndiyo, na yeye pia. Mtoto ana ubunifu. Kanirithi.

Jumapili, 15 Juni
Kijijini Goweko, kumuaga mama mkwe, Bibi Gaudensia. Shikamoo yangu kaipokea kwa marahaba fupi, kama kawaida.

Tekla kazunguka uani na kikapu kichwani, akiimba. Kwa Kinyamwezi! Mtoto hajui hata kusalimia kwa Kinyamwezi. Mama mkwe kaacha kuchambua maharage. Kasema wimbo huo aliusikia kwa babu yake tu, na haukuwa wa ngoma wala wa jembe. Ulikuwa wa kumwita mtu aliyebaki nyuma njiani.

Kaniuliza nimekuwa nikiwasimulia nini watoto. Nimesema habari za mitume. Mke wangu Consolatha kanitazama mpaka chai ikapoa.

Lazima ni redio. Redio siku hizi zinapiga kila kitu.

Jumanne, 17 Juni. Bagamoyo
Ushindi! Kwa sehemu.

Wanangu kimya tangu uwanjani Tabora. Ndani ya ndege kichanga cha watu kilianza kulia viti vya nyuma. Tekla kageuka, kaweka kidole mdomoni. Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kisha watoto wote wakanyamaza, hata wakubwa wakaanza kunong'ona. Mhudumu alipita akitusifu. Aliporudi hakuwa anatabasamu, na alitembea kiubavu, kama anayepisha watu.

Nikarekodi video yangu. Safi kabisa. Luhende atajuta.

Ndipo Tekla akanigusa. Akasema, "Baba, wapo. Angalia."

Nikaangalia dirishani. Chini kivuli cha ndege yetu kinateleza juu ya pori. Nyuma yake kivuli kingine: chembamba, kirefu, kimekatikakatika kama siafu waliopanga mstari. Kinakwenda nasi. Anga halikuwa na wingu hata la dawa.

Neno lililonitoka haliandikiki. Na lilitoka kwa sauti kubwa.

Tekla akaniziba mdomo. Kiganja cha baridi! "Nyamaza, Baba. Sasa wanakuangalia wewe."

Consolatha kataka kujua kinachoendelea. Nimemweleza yote. Tangu hapo hajaniongelesha, ila kuniambia nishushe mabegi.

Jumatano, 18 Juni
Nimeamka bega la kulia limevimba, limekuwa zambarau. Shingo haigeuki. Nimelaumu godoro la nyumba ya wageni. Lakini godoro halielezi miguu yangu. Vumbi jekundu hadi magotini, na huku mchanga ni mweupe.

Nimemtumia Luhende video, kujipoza. Kajibu upesi. Hakusifu ukimya wa watoto hata kidogo! Kaandika: "Kumbe siku hizi hata ndege zinasimamisha abiria? Na mizigo wameishika kichwani?"

Nimeitazama tena na tena. Naona viti, naona wanangu, naona njia tupu katikati. Wivu tu.

Nimeifuta hata hivyo.

Alhamisi, 19 Juni
Mabega yote mawili sasa. Visigino vimepasuka. Natembea nimeinama kama mzee, na nikisimama nasikia mtu nyuma yangu naye anasimama. Consolatha kanionea huruma hatimaye, kanikanda kwa maji ya moto. Mkono wake ukakwama. Kasema kuna alama ya kamba. Akaanza rozari.

Nimeona aibu, lakini nimekwenda kwa Tekla. Alikuwa peke yake uani, ameelekea ukutani, anaongea taratibu. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mwanangu, waambie baba amekoma. Baba ana familia."

Kawageukia. Kasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kwa adabu kama anavyofanya mbele ya wakubwa. Kisha kanijibu:

"Wamesema uende tu. Hawakutaki tena. Unalalamika sana njiani."

Mabega yakawa mepesi pale pale. Nimelia kwa furaha.

Halafu nimeumia kidogo. Mimi nalalamika?

Jumanne, 24 Juni. Mtendeni
Tumerudi kwa basi, amri ya Consolatha. Nimeapa mbele yake na mbele ya mama mkwe kwamba sitawatisha watoto tena.

Leo Consolatha kaenda kwaya, Adriano kagoma kula uji. Bembeleza, imba, cheza ndege ya kijiko, wapi! Nimemweleza, kwa upole tu, kwamba ndani ya tangi letu la maji anaishi mama mmoja anayependa sana uji wa watoto wanaogoma kula.

Kamaliza bakuli lote! Kisha kaligeukia tangi, kacheka, kapunga mkono.

Mfuniko ukainuka kidogo. Upepo.

Nami nimepunga, ili hadithi ishike vizuri.