Wiki Niliyomsifu Bibi Harusi

Jumapili, 14 Septemba

Habari kubwa! Jirani yangu Zdenko anaoa Jumamosi, na msimamizi wake ni mimi. Mimi, Wilfred Ackroyd wa Leeds! Kanitangaza mezani baada ya supu, mbele ya ukoo mzima. Nikajifanya supu imenipalia, maana machozi yalikuwa karibu. Huku Slavonia, mashariki mwa Kroatia, msimamizi si mtu wa kushika pete kisha aende zake. Ni ndugu mpaka kufa. Krismasi anaitwa. Nguruwe akichinjwa anaitwa. Mume na mke wakigombana, anaitwa. Miaka tisa naishi nyumba ya pili kutoka kwao na sijawahi kuitwa kitu ila "Mwingereza". Nataka niwe mtu wa nyumba fulani. Basi. Nimeshaandika, sirudii.

Furaha ilidumu mpaka nyama ilipokuja. Nikasimama nishukuru. Bibi Reza, bibi yake Zdenko, ndiye mwenye nyumba, mwenye funguo na mwenye neno la mwisho. Akaweka uma chini. Akauliza huyo "bibi chenu kirefu" ninayemshukuru ni nani.

Mkosi! Kikroatia ni lugha ya mikia. "Yangu", "yenu", "zuri", "refu", kila neno huvaa mkia wa kumfuata mwenzake: wa kiume, wa kike, au wa katikati. Ukishazoea, mkia unabadilika tena, kutegemea kama unampa, unakwenda naye, unamwita, au umemkosa. Kwetu Leeds neno la "yangu" ni moja tu, kwa mke, kwa mbwa, kwa jiwe. Wahenga walisema usile ng'ombe mzima ukashindwa na mkia. Mimi ng'ombe nilimmaliza zamani. Mkia ndio unaonila. Nimeishi hapa kwa ujanja: mwanzo wa neno nausema kwa sauti, mwisho naumezea kwenye kikohozi. Nilidhani hakuna aliyeng'amua. Kumbe Bibi Reza alidhani nina kifua, ndiyo maana kila baridi ikianza ananiletea mafuta ya bata bukini.

Hukumu yake ni hii. Msimamizi ndiye anayeisemea nyumba langoni kwa bibi harusi, na nyumba yake haitasemewa kwa kikohozi. Ijumaa nitapimwa jikoni. Nikishindwa, nafasi anapewa Detlef.

Detlef! Mjerumani mfuga nyuki! Amekuja juzi tu na mikia yote anayo. Alikuwepo mezani. Akanitakia heri kwa sentensi ndefu isiyo na kosa hata moja. Mnafiki mkubwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Vlasta, mstaafu, aliyesomesha nusu ya kijiji. Nilibeba soseji ya kumlainisha. Soseji akaipokea, kulainika hakulainika. Alikuwa anachoma pilipili hoho za kuweka akiba, kama kila mwanamke wa hapa mwezi huu. Akanipa beseni. Nimenye, na kila ninayoimenya niitaje: pilipili yangu nyekundu, ya pilipili yangu nyekundu, kwa pilipili yangu nyekundu. Nilipofika beseni la pili nikamwuliza kama hakuna mkia mmoja unaofaa kwa wote, hata kama si mzuri sana. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye pilipili. Somo likaishia hapo. Si kosa langu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata mpango, na ni wa akili. Tatizo ni wingi wa jinsia. Nikibaki na jinsia moja, tatizo limekwisha. Bibi harusi ni wa kike, hivyo kuanzia leo nashughulika na vitu vya kike tu, mpaka mikia yake iniingie damuni.

Kumbe mkate ni dume. Jibini ni dume. Kulen, ile soseji nono ya pilipili ninayoipenda kuliko ndugu zangu, dume kabisa. Maziwa na bia ni vya katikati. Dukani nikaupita mkate kama mtu ninayemkwepa. Ankica muuza duka akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Vya kike nilivyopata ni supu, samaki, karoti chache, na rakija, pombe yao ya plamu. Mchana supu bila mkate. Jioni samaki bila mkate. Nikabakiwa na rakija. Nikaisifu kwa mkia sahihi kila nilipojimiminia, na nilijimiminia sana, kwa ajili ya mazoezi.

Jumatano, 17 Septemba

Kichwa! Rakija ni jike lakini teke lake ni la dume.

Nimeuacha ule mpango. Bora kumwangusha Detlef. Watu wa hapa wamepita vita na njaa bila kutikisika, lakini wanaogopa upepo unaopenya dirisha hili ukatokea lile. Kwao ndio chanzo cha kila ugonjwa, kuanzia mafua hadi talaka. Nikamwendea Bibi Reza, nikasikitika kidogo kwanza, kisha nikamwambia kwamba Detlef hulala madirisha yote wazi, ya mbele na ya nyuma, na nywele zimelowa. Sikutia chumvi ila kwenye nywele. Detlef ana kipara.

Bibi Reza akafanya ishara ya msalaba. Nikaondoka napiga mluzi. Nani atampa harusi mtu asiye na akili timamu?

Alhamisi, 18 Septemba

Balaa. Asubuhi nimechungulia dirishani nikamwona Bibi Reza anapita na sufuria ya supu, fulana ya sufu, na mafuta ya bata bukini. Mafuta YANGU! Amekaa kwa Detlef mpaka mchana akifunga madirisha. Baadaye Zdenko akaniambia bibi amehuzunika sana, anasema yule mtoto hana mtu wa kumwangalia. Mtoto! Ana kipara!

Maji yakanifika shingoni, nikarudi kwa Mwalimu Vlasta. Nikamwambia ukweli: lugha nzima sitaiweza. Lakini bibi harusi ni mmoja, lango ni moja, hotuba ni moja. Anitungie hiyo tu, kila mkia mahali pake, nikariri kama sala. Akasema hiyo si kujifunza. Nikamwambia hakuna atakayejua tofauti. Akatunga.

Ni hotuba nzuri sana. Mrembo wetu, mpole wetu, tuliyemtamani, tuliyemtafuta, mpaka mwisho kabisa: huyu ndiye wetu, hatumtaki mwingine. Naisema kwa pumzi moja. Nikisimama katikati inapotea yote na lazima nianze upya. Nimewahutubia kuku jioni nzima.

Mwalimu Vlasta alinikumbusha desturi. Langoni hawatoi bibi harusi kwanza. Hutoa wa uongo, kikongwe fulani au mwanamume aliyevikwa gauni, nasi tunamkataa, watu wanacheka, ndipo anakuja wa kweli. "Huyo wa kwanza mkatae, ndipo useme," akaniambia. Nikamjibu harusi za hapa nimezihudhuria nyingi, jambo hilo hata mtoto mchanga analijua. Nikauliza tu, kukataa kunahitaji mikia gani? Akasema mingine kabisa. Basi nitakataa kwa kutikisa kichwa. Kichwa hakina mkia.

Ijumaa, 19 Septemba

NIMEFAULU!

Bibi Reza alikuwa anakata tambi za harusi. Nikasimama mbele ya jiko, nikafumba macho, nikaitoa yote. Kisu kikatulia. Akaniomba nirudie. Nikarudia vilevile, neno kwa neno. Akasema sasa nimpe ile nusu ya mwisho peke yake. Nikajifanya nimezidiwa na hisia, nikatoka nje. Nilipochungulia alikuwa anajifuta macho kwa aproni. Akasema, "Haya. Atusemee."

Detlef akaja kunipongeza, na ile mikia yake. Akaniambia upande wa bibi harusi wamemwomba awasaidie kazi ndogo kesho. Nikamwambia kila mtu ana kimo chake. Leo naweza kuwa mkarimu. Kesho nitakuwa ndugu wa Zdenko mpaka kufa.

Jumamosi, 20 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tuliondoka kwa Zdenko na wapiga tambura, gitaa ndogo za hapa, mbele, kila mmoja na kitawi cha rozmari kifuani. Rakija mlangoni, rakija njiapanda, rakija kwa jirani wa bibi harusi ili asijisikie vibaya. Mimi sikufungua mdomo ila kunywa. Hotuba nilikuwa nimeibana mdomoni kama kiazi cha moto. Mkononi nilishika tufaha. Tufaha hilo msimamizi humpa bibi harusi, na akilipokea, mapatano yamefungwa.

Lango la Mata, baba yake Mirjana bibi harusi, lilikuwa na kufuli. Tukabisha. Tukaimba. Likafunguka. Nikaona shela nyeupe.

Hotuba ikatoka. Haikuniuliza.

Niliona! Naapa niliona. Nilipofika "mpole wetu" nilishaona masharubu chini ya shela, viatu vya shambani, na mto tumboni. Nilimjua hata ni nani. Kichwa kikaanza kutikisika kukataa kama nilivyopanga. Kwa hiyo kichwa kinakataa na mdomo unasifu. Watu wakadhani nimelemewa na mapenzi. Nisimame vipi? Kusimama ni kuanza upya. Nikaenda mpaka mwisho: huyu ndiye wetu, hatumtaki mwingine. Bila kosa hata moja, na Bibi Reza ni shahidi. Kisha mkono, ambao ulikuwa umefanya mazoezi pamoja na mdomo, ukampa tufaha.

Detlef akalipokea. Akaling'ata.

Wapiga tambura wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Mata akawaangalia watu wake, kisha akatuangalia sisi.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Msimamizi kasema hawamtaki mwingine, na tufaha limeliwa. Mchukueni, safari njema."

Lango likafungwa. Kufuli.

Mwanzoni hata sisi tulicheka. Nyuma ya ukuta nilimsikia Mirjana naye anacheka, kisha anamwambia baba yake inatosha, kisha anamwambia tena kwa sauti nyingine. Mata akajibu kwamba neno ni neno, na nyumba ya Reza inasifika kwa kushika neno. Kengele ya kanisa ikaanza kupigwa. Zdenko akawa mweupe kuliko ile shela. Bibi Reza akanishika mkono.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Lolote. Waambie tumekosea."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Nikafungua mdomo. Nikatafuta neno moja, mkia mmoja. Nikakohoa.

Ndipo Detlef akapandisha shela. Akasema, kwa kuwa amekwisha kuchukuliwa na nyumba hii mbele ya mashahidi, yeye sasa ni wa nyumba hii, na anaweza kuisemea. Akasogea langoni na gauni lake na mto wake, akamwombea Zdenko mke. Alitoa mikia yote: ya kumpa, ya kwenda naye, ya kumwita, ya kumkosa. Ile ya kumkosa ilimliza mama yake Mirjana. Mata akadai wimbo na chupa moja, akapewa, akafungua lango. Mirjana akatoka mbio, gauni kalishika mkononi.

Muda wa kubadilisha nguo haukuwepo. Kanisani msimamizi alisimama na masharubu na gauni jeupe. Padri alimtazama, akageuza ukurasa, akaendelea. Mimi nilibeba shela.

Jumapili, 21 Septemba

Nilifunga mapazia nikanuia kutotoka mpaka masika. Kabla ya chakula cha mchana mlango ukagongwa kama unabomolewa. Bibi Reza mwenyewe. Akasema chakula cha jana kimebaki na hakitajila. Akangoja nivae viatu.

Mezani kulikuwa na ukoo wote na wa kwa Mata wote. Nikachagua kona. Shangazi mmoja kutoka Osijek, aliyechelewa harusi, akanyoosha kidole akauliza yule ni nani.

"Yule?" akasema Bibi Reza. "Yule ni mjinga wetu."

Wakacheka wote. Zdenko akavuta kiti changu kutoka konani akakiweka kati yake na mkewe. Mirjana akanikatia kulen, kipande kinene. Bibi Reza akatangaza kwamba nguruwe hachinjwi Novemba mpaka mimi niwe nimefika, asithubutu mtu. Mata akanimiminia rakija akanibusu mashavu yote mawili. Kila nilipoinuka niende zangu, kuna mkono ulinikalisha. Nimerudi sasa hivi, jua limeshazama.

Nimeumia sana. Mjinga! Mbele ya wakwe! Nilitafuta kosa katika maneno yake ili nipate la kumjibu, sikuliona. Mkia wa kila neno ulikuwa mahali pake. Basi nikala.

Ni wazi kwamba nafasi ya kuwa mtu wa nyumba ile nimeipoteza. Detlef kanipiku. Lakini sijakata tamaa. Bibi Reza amemtazama Mirjana anavyokula achari na anasema mwakani kutakuwa na ubatizo. Ubatizo unataka msimamizi, na Detlef hawezi kushika kila kitu. Mwalimu Vlasta ameniletea ujumbe niende kesho, tuanze tangu mwanzo, polepole, bila kukariri. Nimemjibu asante, sina haja. Mtoto akizaliwa wa kike, hotuba ninayo. Akizaliwa wa kiume, nitamwomba Zdenko asubiri wa pili.